Kusoma Farasi Kupitia Mfuko

Lita mbili. Nazipasha juu ya mkeka wa umeme
mpaka ziwe na joto la mtoto aliyetoka usingizini.
Nafunga dirisha, kelele za Sham Shui Po zibaki nje,
nazima feni, nanawa mikono nikihesabu hadi sitini,
barakoa usoni kama mwizi ndani ya nyumba yangu.
Ping-hoi hufunua shati. Mrija uko pale,
kando ya kitovu, kama kitovu cha pili
kisichokuwa na mama.

Kwanza hutoka maji ya usiku.
Hushuka kwenye mfuko ulioko sakafuni, rangi ya chai hafifu,
naye hutandika chini yake ukurasa wa mbio za farasi.
Akiweza kusoma majina kupitia maji, tumesalimika.
"Radi ya Kusini," husoma. "Bibi Harusi Mtoro."
Mwezi wa nne, asubuhi moja,
farasi wote walipotelea ukunguni.
Tulikwenda hospitali kwa teksi, mfuko mapajani mwangu
kama samaki aliyenunuliwa angali hai.

Ewe utando,
miaka arobaini nimelala ubavuni pako, sikujua kama upo.
Moyo wake niliujua, una kelele.
Ini nililijua, nimeligombania na chupa.
Figo zilijitangaza siku zilipokufa.
Wewe hukuwahi kudai hata salamu.
Daktari Auyeung alikuchora nyuma ya kadi ya miadi,
mstari mmoja tu, ukizunguka matumbo yote;
ukikunjuliwa, alisema, unakaribia kumfunika mtu mzima.

Tukakupa kazi isiyo yako.
Sukari iyaite maji, maji yaje na taka zake,
mara nne kwa siku, miaka saba,
zaidi ya mara elfu kumi (nimepiga hesabu kwenye kalenda ya benki).
Tulisema punda afe, mzigo ufike.
Hatukuuliza punda ni nani.

Na sukari ndiyo iliyokuwa ikikuchoma.
Hakuna aliyetuficha. Muuguzi Kiu alitwambia siku ya kwanza,
nasi tukaitikia kwa vichwa, kama watu wanaosikia
kwamba siku moja watazeeka.

Jumatatu majibu yalitoka.
Utando umenenepa, daktari akasema, umeota mishipa mipya,
sukari inapenya upesi mno, inaingia kwenye damu
kabla haijavuta chochote.
Nilikuwa nimeona. Lita mbili zinaingia,
zinatoka lita mbili kasoro kikombe.
Viatu vyake vimekataa miguu tangu mwaka mpya.
Sasa ni mashine, mara tatu kwa wiki, kitanda cha kumi na nne.

Ping-hoi aliuliza swali moja:
"Una rangi gani?"

Daktari alimtazama.
Hakujua kwamba anaulizwa na mtu
aliyesimama miaka thelathini mbele ya masufuria mapana
akisubiri maziwa ya soya yatande.
Ngozi ya kwanza ni nyeupe, unaona kidole chako upande wa pili.
Unaiinua kwa kijiti, unaianika.
Ya pili, ya tatu. Maziwa yanapungua, sukari inabaki chini,
na ile ya mwisho hutoka nzito, ya kahawia, tamu,
haikunjiki bila kupasuka.
Hiyo hawakuiuza. Aliniletea mimi, ndani ya gazeti,
mwaka ule tulipokuwa tunachumbiana,
na nilidhani wanaume wote wananuka soya.

"Kahawia kidogo," daktari akasema, "nadhani."
Ping-hoi akaitikia
kama mtu aliyetajiwa bei aliyokwisha kuikisia.

Usiku huu bado tunabadilisha. Mashine ni Alhamisi.
Nimepasha lita mbili, nimefunga dirisha.
Maji yanashuka polepole, yanasitasita,
naye ameinama na miwani yake.
"Nani anakimbia?" nauliza.
"Ngoja," anasema. "Ngoja kwanza, yatulie."